Mhimili wa bawaba wa taya

Mhimili wa bawaba wa taya ni mstari wa kufikirika unaopita kutoka upande mmoja wa uso hadi upande wa pili, kupitia vichwa viwili vya taya la chini au karibu navyo sana. Taya la chini linapofunguka kidogo bila kusogea mbele, huzunguka kwenye mstari huo kama mlango unavyozunguka kwenye bawaba zake.

Mstari huo hauonekani wala haushikiki, kwa kuwa upo ndani ya kichwa. Ili kuupata, daktari wa meno hupima kutoka kwenye alama za uso zinazoonekana au zinazoguswa kwa kidole, kama vile tundu la sikio, pembe ya nje ya jicho, ukingo wa chini wa shimo la jicho na bawa la pua. Alama hizo zikiunganishwa hupatikana mabapa ya rejea ya uso, yaani nyuso bapa za kufikirika ambazo kwazo mahali pa mhimili na pa meno panaweza kuelezwa kwa vipimo.

Elimu hiyo hutumika katika kutengeneza meno ya bandia, taji na madaraja ya meno, katika kunyoosha meno, na katika kupanga upasuaji wa mataya.

## Kiungo cha taya

Taya la chini ni mfupa mmoja uliopinda kama herufi U. Kila upande, sehemu ya nyuma ya mfupa huo hupanda juu kama tawi, na juu ya tawi kuna kichwa cha mviringo kinachoitwa pia kondili. Kichwa hicho huingia katika kishimo kilichopo kwenye mfupa wa panja, mbele kidogo ya tundu la sikio. Mbele ya kishimo kuna kinundu cha mfupa chenye mteremko.

Kati ya kichwa na kishimo kuna kisahani chembamba cha tishu ngumu yenye nyuzinyuzi. Kisahani hicho hugawa kiungo katika vyumba viwili, na kila chumba kina kazi yake:

* katika chumba cha chini, kichwa cha taya huzunguka chini ya kisahani;
* katika chumba cha juu, kichwa na kisahani chake huteleza pamoja kwenda mbele na chini, kwa kufuata mteremko wa kinundu.

Viungo vya kulia na kushoto vimeunganishwa na mfupa mmoja, hivyo kimoja hakiwezi kwenda bila kingine kuathirika. Katika mtu mzima umbali kati ya vichwa viwili vya taya kwa kawaida ni takriban mm 100 hadi 120.

## Kuzunguka na kuteleza

Msomaji anaweza kuhisi miendo hiyo miwili mwilini mwake. Aweke ncha za vidole vya shahada mbele ya masikio yote mawili, kisha afungue kinywa polepole. Mwanzoni vidole huhisi kichwa cha taya kikijizungusha pale pale kilipo. Kinywa kikiendelea kufunguka, kichwa hukimbia mbele na kuacha kishimo kidogo chini ya ncha ya kidole.

Katika mtu mzima, kinywa kilicho wazi kabisa huwa na nafasi ya takriban mm 40 hadi 60 kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Taya likiongozwa taratibu huku misuli imelegea, takriban mm 20 hadi 25 za mwanzo huweza kuwa mzunguko mtupu. Baada ya hapo kuteleza hujiunga na kuzunguka.

Jambo hili ni la msingi. Mhimili wa bawaba hauelezi kila mwendo wa taya. Mtu anayetafuna, kuzungumza au kupiga miayo huchanganya kuzunguka na kuteleza karibu wakati wote. Mhimili unaotafutwa na daktari ni ule wa mwendo mmoja tu: kufungua na kufunga kidogo wakati vichwa vya taya vimetulia mahali pake katika vishimo, mkao ambao madaktari huuita mkao wa kati. Mkao huo umechaguliwa kwa sababu unaweza kurudiwa. Daktari akiupata leo, anaweza kuupata tena wiki ijayo kwa mgonjwa yule yule, hata kama mgonjwa hana jino hata moja.

## Sababu ya kuutafuta

Taji au meno ya bandia hayatengenezwi kinywani bali mezani kwa fundi. Daktari huchukua alama za meno au fizi kwa dawa laini inayoganda, kisha hummiminia fundi jasi katika alama hizo ili kupata sanamu za mataya mawili. Sanamu hizo hufungwa kwenye atikuleta, kifaa chenye mkono wa juu na mkono wa chini vilivyounganishwa kwa bawaba, kinachoiga kiungo cha taya.

Atikuleta ina bawaba yake tayari. Swali ni iwapo sanamu ya taya la juu imewekwa mbali na bawaba hiyo kwa kiasi kile kile, na kwa mwinamo ule ule, kama taya lenyewe lilivyo mbali na mhimili wa mgonjwa.

Mfano wa mlango unasaidia. Mlango mpana na mlango mwembamba vyote huzunguka kwenye bawaba, lakini kitasa cha kila mmoja huchora tao tofauti hewani. Vivyo hivyo, jino lililo mbali na mhimili huchora tao kubwa, na lililo karibu huchora tao dogo. Sanamu ikifungwa karibu mno na bawaba, au juu yake mno, meno ya jasi yatafunga kwa njia ambayo meno ya mgonjwa hayaifuati. Taji linaloonekana sawa mezani litagonga mapema kinywani. Mgonjwa atarudi kusagwa jino, au atavumilia maumivu, au ataweka meno yake ya bandia kabatini na kula bila hayo.

Kifaa cha kuhamisha uhusiano huo kutoka usoni hadi kwenye atikuleta huitwa upinde wa uso. Una umbo la herufi U. Ncha zake mbili za nyuma huwekwa kwenye mhimili, na mbele yake hufungwa kisahani chenye nta au dawa nyingine kinachong'atwa au kushikizwa kwenye meno ya juu. Upinde ukihamishiwa kwenye atikuleta, taya la juu la jasi hukaa mahali pake kwa kulinganisha na bawaba.

## Historia

Katika karne ya 19 madaktari kadhaa walianza kutafuta sheria za kijiometri za taya. Mmarekani William G. A. Bonwill (1833–1899) alipendekeza kwamba vichwa viwili vya taya na sehemu ya kati ya meno ya mbele ya chini hufanya pembetatu yenye pande sawa za inchi 4, yaani takriban sentimita 10 kila upande. Pembetatu ya Bonwill ilikuwa wastani tu, lakini ilitumika kuunda atikuleta nyingi.

Mwaka 1866 Mwingereza Francis H. Balkwill alieleza kwamba pembetatu hiyo hailali sambamba na bapa la kutafunia, yaani bapa linalogusa ncha za meno. Kati yao kuna pembe, ambayo sasa huitwa pembe ya Balkwill. Wastani wake hutajwa kuwa takriban nyuzi 26.

Mwaka 1889 Charles E. Luce alichunguza mwendo wa taya kwa kupiga picha, akaonyesha kwamba kichwa cha taya husogea mbele na chini kinywa kinapofunguliwa. Karibu na mwisho wa karne hiyo George B. Snow wa Marekani alitoa upinde wa uso ambao umbo lake la msingi linatumika hadi leo.

Mwaka 1908 Norman G. Bennett wa Uingereza alichunguza mwendo wa taya lake mwenyewe. Alihitimisha kwamba kwa mwendo mzima wa kufungua kinywa hakuna kitovu kimoja cha kudumu cha mzunguko. Katika Uswisi, Alfred Gysi wa Zürich alichunguza miendo ya taya na kubuni atikuleta zilizoenea sana.

Katika miaka ya 1920 kundi la madaktari wa California, wakiongozwa na Beverly B. McCollum pamoja na Harvey Stallard na Charles E. Stuart, lilibuni njia ya kupata mhimili wa mgonjwa mwenyewe badala ya kutegemea wastani. Chama chao cha nathologia, yaani elimu ya mataya na utafunaji, kilianzishwa mwaka 1926. McCollum na Stuart walichapisha ripoti ya utafiti wao mwaka 1955.

Mwaka 1952 Ulf Posselt wa Uswidi alichapisha utafiti wa mipaka ya mwendo wa taya la chini. Alionyesha kwamba sehemu ya mwanzo ya kufungua kinywa katika mkao wa nyuma kabisa ni tao la mzunguko, na kwamba kuteleza huanza baadaye. Hivyo matokeo ya Bennett na ya McCollum hayapingani kama yalivyodhaniwa, kwa kuwa Bennett alizungumzia mwendo mzima, na McCollum sehemu yake ya mwanzo.

## Mabapa ya rejea ya uso

Bapa huhitaji nukta tatu. Katika uso, nukta mbili za nyuma huchukuliwa kulia na kushoto karibu na masikio, na ya tatu huchukuliwa mbele, karibu na jicho, pua au meno. Mabapa yanayotumika zaidi ni haya:

* Bapa la Frankfurt. Hupita kwenye sehemu ya juu kabisa ya matundu ya masikio na kwenye nukta ya chini kabisa ya ukingo wa shimo la jicho. Lilikubaliwa na wanaanthropolojia wa Ujerumani katika makubaliano yaliyochapishwa mwaka 1884, kwa ajili ya kupima mafuvu. Mtu anaposimama wima na kutazama mbele, bapa hili huwa karibu kulala kama upeo wa macho, ingawa si kwa kila mtu.
* Bapa la Camper. Limepewa jina la mwanaanatomia Mholanzi Petrus Camper (1722–1789). Katika utabibu wa meno huchukuliwa kutoka bawa la pua hadi tragasi, yaani kile kinundu cha gegedu kilicho mbele ya tundu la sikio. Hutumika sana katika meno ya bandia ya kinywa kizima, kwa kuwa hukaribia kuwa sambamba na bapa la kutafunia. Waandishi hawakubaliani iwapo mstari upite juu, katikati au chini ya tragasi, na tofauti hiyo ndogo hubadilisha mwinamo wa meno.
* Bapa la mhimili na jicho. Hupita kwenye mhimili wa bawaba wenyewe na kwenye ukingo wa chini wa shimo la jicho. Atikuleta nyingi zimeundwa ili mkono wake wa juu uwakilishe bapa hili.

Bapa la kwanza na la tatu huchanganywa mara nyingi kwa sababu mbele yana nukta moja. Nyuma, hata hivyo, hayakutani. González na Kingery, katika utafiti wao wa mwaka 1968, walikuta kwamba mhimili upo kwa wastani takriban mm 7 chini ya bapa la Frankfurt.

Tukichukua umbali wa takriban mm 75 kutoka mhimili hadi chini ya jicho, tofauti hiyo ya mm 7 ni sawa na pembe ya takriban nyuzi 5. Kwa hiyo sanamu iliyofungwa kwa bapa la mhimili na jicho, kisha ikatazamwa kana kwamba imefungwa kwa bapa la Frankfurt, huonekana imeinama mbele kuliko ilivyo usoni. Fundi asiyejua hilo anaweza "kusahihisha" mwinamo wa meno ya mbele ambao haukuwa na kosa.

## Kukadiria mahali pa mhimili

Njia rahisi ni kutumia nukta ya wastani juu ya ngozi. Nukta hizi zilipatikana kwa kupima watu wengi na kulinganisha. Zinazojulikana zaidi ni:

* Nukta ya Gysi: takriban mm 13 mbele ya ukingo wa mbele wa tundu la sikio, juu ya mstari unaotoka ukingo wa juu wa tundu hilo kwenda pembe ya nje ya jicho.
* Nukta ya Beyron: mm 13 mbele ya ukingo wa nyuma wa tragasi, juu ya mstari unaokwenda pembe ya nje ya jicho.
* Nukta ya Bergström: mm 10 mbele ya katikati ya tundu la sikio, na mm 7 chini ya bapa la Frankfurt.

Tukilinganisha nukta hizo tutaona kwamba kila moja inaeleza mambo mawili: umbali kutoka sikioni, na mstari au bapa la kufuata. Kusema "mm 13 mbele ya sikio" bila kutaja mstari hakutoshi, kwa maana nukta inaweza kuwa mahali popote juu ya tao lenye nusukipenyo cha mm 13.

Pinde nyingi za siku hizi hazihitaji alama juu ya ngozi. Ncha zake zina vidude vya plastiki vinavyoingia katika matundu ya masikio. Sikio liko nyuma ya mhimili, kwa hiyo kwenye atikuleta upinde hauwekwi kwenye bawaba bali kwenye vijitundu au vipini vilivyo nyuma yake kwa umbali wa wastani. Hapa pia makadirio yapo, ila yamefichwa ndani ya chuma.

## Kuupata mhimili wenyewe

Njia ya pili hufuata mwendo wa mgonjwa mwenyewe. Hatua zake ni kama ifuatavyo:

1. Kishikizo hufungwa imara kwenye meno ya chini, nacho hubeba upinde wenye mikono miwili inayofika mbele ya masikio. Kila mkono una sindano inayoweza kusogezwa juu, chini, mbele na nyuma.
2. Kibao kidogo chenye karatasi ya miraba huwekwa kando ya kila sikio na kushikizwa kichwani ili kisitembee na taya.
3. Daktari huongoza taya la mgonjwa lifunguke na kufunga kidogo, katika mkao wa kati, bila kusogea mbele.
4. Hutazama ncha ya sindano. Ikiwa ipo nje ya mhimili, huchora tao dogo. Umbo la tao huonyesha upande wa kuisogeza.
5. Sindano husogezwa na zoezi hurudiwa mpaka ncha izunguke pale pale bila kuhama. Hapo ndipo mhimili ulipo kwa upande huo.
6. Nukta hutiwa alama juu ya ngozi. Baadhi ya madaktari huichanja kwa wino wa kudumu ili itumike tena.

Mantiki yake ni ile ya gurudumu la baiskeli. Gurudumu linapozunguka, tundu la hewa huzunguka duara kubwa, sehemu iliyo karibu na katikati huzunguka duara dogo, na kitovu cha ekseli hakihami.

Njia hii nayo ina mpaka. Tuseme taya linafunguka kwa nyuzi 10, ambazo ni takriban radiani 0.175. Sindano iliyo mm 5 kutoka mhimili itatembea takriban mm 0.9, na jicho huona. Sindano iliyo mm 1 kutoka mhimili itatembea chini ya mm 0.2, na jicho huanza kushindwa. Kwa hiyo kinachopatikana ni eneo dogo ambamo mwendo hauonekani, wala si nukta kali kama ncha ya pini. Aidha, ngozi huteleza juu ya mfupa. Alama iliyotiwa mgonjwa akiwa ameketi wima haiwezi kutegemewa akiwa amelala.

## Nukta ya tatu

Baada ya kupata nukta mbili za nyuma, mbele ya upinde bado inaweza kupandishwa au kushushwa. Nukta ya tatu ndiyo inayosimamisha mwinamo. Chaguo za kawaida ni:

* ukingo wa chini wa shimo la jicho, unaotoa bapa la mhimili na jicho;
* nukta iliyo mm 7 chini ya ukingo huo, ili bapa linalopatikana liwe sambamba na lile la Frankfurt;
* kibonde kilicho juu ya pua kati ya macho, ambapo upinde hushuka takriban mm 23 kutoka hapo ili kukadiria usawa wa ukingo wa jicho;
* bawa la pua, kwa kufuata bapa la Camper;
* nukta iliyo mm 43 juu ya ncha za meno ya mbele ya juu, inayotumiwa na baadhi ya vifaa.

Wanafunzi wengi hudhani kwamba kubadilisha nukta ya tatu hubadilisha tao la kufunga meno. Sivyo. Upinde wote huzunguka kwenye mhimili ule ule, kwa hiyo umbali kati ya meno na mhimili haubadiliki. Kinachobadilika ni mambo mawili. La kwanza ni jinsi sanamu inavyoonekana kwa fundi, hasa mwinamo wa meno ya mbele. La pili ni namba inayosomwa kwa mteremko wa kiungo, kwa kuwa mteremko hupimwa kwa kulinganisha na mkono wa juu wa atikuleta.

Kama mteremko huo umepimwa kwa mgonjwa mwenyewe kwa nta iliyong'atwa taya likiwa mbele, namba itabadilika pamoja na mwinamo na uhusiano wa kweli utabaki. Lakini kama fundi anatumia namba ya wastani, kwa mfano nyuzi 30, ni lazima ajue namba hiyo ilitolewa kwa bapa gani. Nyuzi 30 kwa bapa la Frankfurt si nyuzi 30 kwa bapa la Camper.

## Ukubwa wa kosa

Makadirio yanaweza kukosea kwa milimita kadhaa. Je, kosa hilo hufika kwenye meno kwa kiasi gani? Jiometri inatoa jibu rahisi. Ikiwa bawaba ya atikuleta ipo mbali na mhimili wa kweli kwa umbali *d*, na atikuleta ikafungwa kwa pembe ndogo *p* iliyopimwa kwa radiani, basi kila jino hukosea mahali pake kwa takriban:

kosa = *d* × *p*

Pembe hupatikana kwa kugawanya unene wa nta iliyokuwa kati ya meno kwa umbali wa meno hayo kutoka mhimili. Tuchukue kosa la mm 5, nta yenye unene wa mm 3 kwenye magego, na magego yaliyo mm 60 kutoka mhimili. Pembe ni 3 ÷ 60 = 0.05, na kosa ni 5 × 0.05 = mm 0.25. Hesabu hiyo inakaribiana na ya Lawrence A. Weinberg, ambaye mwaka 1961 alieleza kwamba katika hali kama hiyo gego la pili hukosea kwa takriban mm 0.2.

Upande wa kosa nao una maana. Mhimili ukikadiriwa juu au chini kupita kiasi, meno hukosea kwenda mbele au nyuma. Ukikadiriwa mbele au nyuma kupita kiasi, meno hukosea kwenda juu au chini, na baadhi hugusana kabla ya mengine.

Fomula hiyo inaonyesha pia dawa. Nta ikiwa nyembamba, pembe huwa ndogo na kosa hupungua. Kama meno yamerekodiwa yakiwa yamegusana, na urefu wa kuuma haubadilishwi mezani, pembe ni sifuri na kosa la mhimili halina nafasi ya kuonekana katika kufunga. Kinyume chake, daktari anayetaka kuinua urefu wa kuuma kwa milimita kadhaa hufanya pembe kuwa kubwa, naye ndiye anayehitaji zaidi mhimili wa kweli.

Aina ya kazi huamua pia. Meno ya asili huhisi kitu chenye unene wa sehemu chache za mia za milimita, kwa hiyo kosa la mm 0.2 katika taji huhisiwa mara moja. Meno ya bandia ya kinywa kizima hukaa juu ya fizi laini zinazobonyea, na kosa kama hilo hufichika kwa urahisi zaidi.

## Mijadala

Wataalamu wamehitilafiana juu ya mambo matatu.

Usahihi wa makadirio. Robert G. Schallhorn aliripoti mwaka 1957 kwamba kwa zaidi ya asilimia 95 ya watu aliowapima, nukta ya wastani ilikuwa ndani ya mm 5 kutoka mhimili wa kweli. Lauritzen na Bodner waliripoti mwaka 1961 kwamba kwa asilimia 67 ya vipimo vyao nukta za makadirio zilikuwa mbali kwa mm 5 hadi 13. Hitilafu kubwa namna hiyo inamfundisha msomaji asichukue asilimia ya utafiti mmoja kuwa sheria.

Mhimili mmoja au zaidi. Kundi la McCollum lilishikilia kwamba mhimili ni mmoja, unaounganisha pande mbili. Trapozzano na Lazzari, katika utafiti wa mwaka 1961, walikuta kwamba kwa zaidi ya nusu ya watu waliowachunguza ilipatikana zaidi ya nukta moja iliyoonekana kuwa mhimili. Wapinzani wao walijibu kwamba jambo hilo hutokana na mpaka wa jicho na kifaa, kama ulivyoelezwa hapo juu.

Ulazima wa upinde wa uso. Katika nchi nyingi hufundishwa kama hatua ya lazima, na katika nyingine huachwa. Jaribio la kitabibu la Kawai na wenzake lililochapishwa mwaka 2005 nchini Kanada lililinganisha meno ya bandia ya kinywa kizima yaliyotengenezwa kwa njia ndefu ya jadi, pamoja na upinde wa uso, na yale ya njia fupi. Halikukuta tofauti ya maana katika kuridhika kwa wagonjwa. Matokeo hayo yanahusu meno ya bandia ya kinywa kizima, wala hayapaswi kuhamishiwa moja kwa moja kwenye taji na madaraja juu ya meno ya asili.

## Matumizi mengine na vifaa vya kisasa

Katika upasuaji wa mataya, taya la juu likipandishwa, taya la chini huzunguka lenyewe kulifuata. Daktari hutabiri mahali kidevu kitakapofika kwa kutumia mhimili, na mhimili ukikosewa utabiri nao hukosea. Kwa kuwa hapa pembe za mzunguko ni kubwa kuliko za kufunga taji, tahadhari huhitajika zaidi.

Siku hizi mwendo wa taya huweza kufuatwa kwa kamera na vihisio vya kielektroniki, na kompyuta hukokotoa mhimili badala ya jicho kutazama sindano. Picha za tomografia huonyesha vichwa vya taya pamoja na meno, na atikuleta yenyewe huweza kuwa programu ya kompyuta. Hata hivyo programu hiyo bado hudai maswali yale yale mawili: mhimili uko wapi, na umepimwa kutoka bapa lipi. Asiyejaza majibu hayo hupewa wastani uliowekwa tayari, kama ilivyokuwa kwa pembetatu ya Bonwill.

## Tazama pia

* Taya
* Jino
* Meno ya bandia
* Fuvu
* Kiungo (anatomia)
* Jiometri